"Hawakumvua": kisa cha kitabu kilichorudishwa siku ya pili

Jumapili asubuhi, sijamaliza hata kufagia baraza, mvulana wa darasa la tano alisimama mlangoni. Kitabu alikuwa amekifunga gazeti na kukikumbatia kifuani kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeshakimaliza?"

"Nimefika mwisho. Lakini hiki wamekosea. Hawakumvua."

Kitabu chenyewe kilikuwa juzuu ya kwanza ya Scooby Apocalypse, vibonzo vya kampuni ya DC ya Marekani vilivyotokana na Scooby-Doo, katuni ya zamani ya televisheni kuhusu vijana wanne na mbwa wao wanaofumbua siri za mizuka. Alikiazima jana yake tu, kwenye kikao chetu cha kusoma cha Jumamosi hapa Ngamiani, Tanga: watoto 11, mikeka miwili na kabati moja la vitabu, vingine tulivyonunua kwa mafungu, vingine vilivyoletwa na watu wema. Alichokuwa akizungumzia ni kinyago. Alisoma kurasa zote akisubiri zimwi likamatwe, livuliwe sura ya bandia, atokee mlinzi au mwenye nyumba. Hakutokea mtu.

Neno lile moja lilitushughulisha wiki tano. Nakiandika kisa hiki kirefu kwa sababu naamini mtoto yule aligusa jambo ambalo sisi watu wazima tunaolinganisha katuni na vibonzo vyake hulipita. Sisi tunatazama kama mbwa amechorwa vile vile, kama Shaggy, mwenye mbwa, bado ana kidevu chenye ndevu chache, kama gari lina rangi zake. Yeye alitazama ahadi.

Ahadi hiyo ilianza tarehe 13 Septemba 1969, katuni ya Scooby-Doo, Where Are You! ilipoanza kurushwa na kituo cha televisheni cha CBS. Walioibuni ni Joe Ruby na Ken Spears, kwa ajili ya studio ya Hanna-Barbera, na mbwa alichorwa na Iwao Takamoto. Wakati huo wazazi wengi wa Marekani walikuwa wakilalamikia katuni za kupigana zilizojaa Jumamosi asubuhi, na kituo kikataka kitu kinachotisha kidogo na kuchekesha zaidi. Vijana wanne, Fred, Daphne, Velma na Shaggy, pamoja na mbwa Scooby wanafika mahali penye mzuka, wanakimbizwa, wanatega mtego, kinyago kinavuliwa. Vipindi 25 vya mwanzo vilikwenda hivyo. Katika cha kwanza kabisa, vazi la chuma la askari wa kale linatembea usiku ndani ya jumba la makumbusho, kumbe aliyelivaa ni msimamizi wa jumba hilo hilo. Katika cha pili, Nahodha Cutler, ambaye watu wanaamini alikufa maji, anatoka baharini na vazi la kuzamia linalong'aa. Kumbe yu hai, na anaiba mashua za matajiri.

Kwa mtoto aliyekulia karibu na bandari, hadithi ya Cutler haihitaji utangulizi. Na huyu wa kwetu alikuwa na sababu nyingine ya kuiamini. Mwezi mmoja kabla ya kisa hiki tuliwapeleka watoto Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji. Mule ndani kuna mahali watu huacha sadaka zao za mzimu, na tulipita hapo kwa adabu, sauti chini. Mbele kidogo mwongozaji alisimulia habari za Osale Otango, aliyewasumbua masetla miaka ya 1950, na jinsi alivyojificha mapangoni watu wakiogopa kuingia. Alisimulia pia ile hadithi ya mbwa aliyeingia pangoni asionekane tena, mpaka alipokutwa mbali sana. Wengine husema ni karibu na Mlima Kilimanjaro. Unaweza kufikiri watoto walivyopiga kelele waliposikia mbwa. Lakini kijana wetu alishika la Otango. Njia nzima ya kurudi alikuwa akirudia kwenye daladala: "Kwa hiyo mle kulikuwa na mtu."

Hapo ndipo alipokuwa amesimama kimawazo alipoazima kile kitabu. Kosa la kumpa ni langu. Niliona mbwa kwenye jalada, nikaona majina yale yale matano, sikukisoma mpaka mwisho. Kitabu kina maiti, kina watu wanaogeuka majitu huku wamevaa nguo zao za kazini. Mtu anayekipanga kwenye kabati la watoto wa miaka 11 alipaswa kulijua hilo.

Jioni mama yake alikuja. Alikaa barazani, akakataa chai, kisha akaipokea.

"Mwalimu, mimi vitabu sivikatai," alisema. "Lakini hiki kimemkesha mwanangu. Kalala kwa kaka yake. Na jambo la pili, samahani, msije mkawafundisha watoto kwamba majini ni watu waliovaa magunia."

Niliomba radhi kwa la kwanza palepale. La pili lilinichukua siku kadhaa kulifikiria, kwa sababu lilihusu kazi yangu hasa. Vitabu hivi viko kwa Kiingereza, na watoto wengi pale mkekani huvisikia kwa Kiswahili changu mimi, nikisoma kwa sauti huku nikionyesha picha. Kila linapokuja lile neno la kiumbe cha kutisha mimi ndiye ninayeamua kiitwe nani. Nikisema jini, nimeingia kwenye imani za watu. Hakuna mtoto wa Ngamiani atakayekubali kwamba jini huvuliwa kichwa. Nikisema mzimu, nimegusa lile jiwe la sadaka kule Amboni. Mzuka ni kitu kilichomtokea mtu, kinaweza kuwa kweli, kinaweza kuwa macho yake. Zimwi ni la hadithi, linakula watu na mwisho hupasuliwa kidole wakatoka wote. Nilichagua mzuka kwa kinachoogopwa na zimwi kwa kinachofukuza. Nilimwambia mama hivyo, na nilimwambia pia ninachoamini: katuni ile haisemi kwamba vya ghaibu havipo. Inasema kwamba huyu wa usiku huu, mwenye taa ya kandili na mnyororo, ana jina na ana anachokitafuta.

"Hapo sawa," alisema. "Matapeli tunawajua."

Jumamosi iliyofuata tuliweka vitabu vitatu mkekani, tukavilinganisha mbele ya watoto wote.

Cha kwanza ni kijitabu chembamba cha DC, jalada limeng'oka, cha ule mfululizo ulioanza 1997 na kufika matoleo 159 mwaka 2010. Ni mjukuu wa mbali. Vibonzo vya Scooby-Doo vilianza na kampuni ya Gold Key, toleo la kwanza likiwa na tarehe ya Machi 1970, na mwanzoni vilikuwa vikisimulia upya vipindi vya televisheni, kabla ya kupata hadithi zake vyenyewe. Baadaye vikapita mikononi mwa Charlton, Marvel na Archie. Kuna kipindi vilipata bahati ya kuandikwa na Mark Evanier na kuchorwa na Dan Spiegle, ambaye vivuli vyake vina uzito wa kweli. Mengine nayapita, maana kilichotushika siku ile kiko ndani ya kile kijitabu kisicho na jalada.

Ni ukurasa wa kulia, kiboksi cha mwisho chini kabisa. Fred ameshika kinyago kwa nyuma ya shingo. Vidole vimekunjika, mpira wa kinyago umevutika kidogo tu, kiasi cha kuonyesha mstari mwembamba wa ngozi ya mtu. Karatasi inaishia hapo. Kumjua aliyemo lazima ufunue. Kwenye televisheni mkono wa Fred hufanya kazi hiyo na wewe unatazama. Kwenye karatasi mkono wako ndio unaomvua. Niliwaita watoto mmoja mmoja wafunue, na nilitazama nyuso zao. Walikuwa hawaangalii picha. Walikuwa wanaangalia vidole vyao.

Nashikilia kwamba hicho ndicho kitu kikubwa ambacho vibonzo viliiongezea katuni hii. Katuni ilikuwa na mambo ambayo karatasi haiwezi kuyabeba. Ilikuwa na vicheko vya kurekodiwa, ilikuwa na nyimbo za kufukuzana katika msimu wa pili, na zaidi ya yote ilikuwa na sauti: Don Messick akimsemea mbwa, Casey Kasem akimsemea Shaggy. Mbwa yule huanza maneno yake kwa "r", na vibonzo huandika hivyo hivyo kwenye kiputo cha maneno. Sisi tulipofika hapo kwa Kiswahili, "naogopa" ikawa "raogopa", na wiki nzima mtaani kwetu kulikuwa na watoto wanaoraogopa kwenda dukani. Na yule tapeli anaponaswa na kulalamika kwamba angefanikiwa kama si hawa vijana, mimi husema "kama si hawa watoto wa kimbelembele". Mabibi wote wa mtaa wamewahi kuwaita hivyo, kwa hiyo watoto huipokea kama sifa.

Cha pili ni mkusanyo wa Scooby-Doo Team-Up, mfululizo wa 2013 hadi 2019, matoleo 50, mwandishi Sholly Fisch. Humo vijana wetu hukutana na Batman na wenzake. Ni kitabu chenye furaha na watoto walikipenda, ila sina mengi ya kusema juu yake. Ukishamleta mtu anayeruka angani, swali la kama mzuka ni wa kweli linapoteza makali, na mwandishi analijua hilo, anafanyia utani.

Tukafika cha tatu.

Scooby Apocalypse kilianza 2016 na kufika toleo la 36 mwaka 2019. Wazo la Jim Lee, hadithi ya Keith Giffen na J.M. DeMatteis, na mchoraji wa mwanzo Howard Porter. Humo Daphne ni mwandishi wa habari wa televisheni ambaye kipindi chake kinazorota, Fred ni mpiga picha wake, Shaggy anafundisha mbwa ndani ya kituo cha siri cha utafiti, na Scooby ni mbwa wa majaribio aliyetiwa vifaa mwilini. Velma ni mwanasayansi wa kituo hicho. Vimashine vidogo visivyoonekana kwa macho vinaachiwa hewani, watu karibu wote wanageuka majitu. Majitu ya kweli. Ukivuta ngozi, ni ngozi.

Kwa ufundi, kitabu hiki kimefikiriwa kuliko vile viwili. Kuna jambo moja niliwaonyesha watoto wakubwa: Scooby amevaa kifaa usoni kinachotoa zile alama za nyuso tunazotumiana kwenye simu. Anapoogopa, uso mdogo wenye hofu unaelea mbele yake. Anapofurahi, uso unacheka. Wachoraji walijua wameikosa sauti ya Messick, wakatafuta kitu ambacho karatasi inakiweza. Ningependa vibonzo vyetu wenyewe vijaribu mambo ya namna hiyo. Kizazi kilichokua na jarida la Sani kinakumbuka jinsi sura ya mhusika wake Kipepe ilivyosema hata kabla hujasoma kiputo.

Lakini hukumu yangu siku ile ilikuwa kali, na niliitoa mbele yao. Nilisema kijana ana haki. Kitabu kimechukua majina, kimechukua gari, kimeacha nguzo. Katuni humwambia mtoto kwamba woga una mwenyewe, nenda ukamtafute. Kitabu hiki kinamwambia woga umeenea kila mahali kama hewa, kimbia. Mtoto aliyelala kwa kaka yake alikesha kwa sababu alifika ukurasa wa mwisho akakuta hakuna mlango wa kutokea. Picha zenye damu zilikuwa nyongeza tu.

Msichana wa darasa la saba akanyoosha mkono kunipinga. Alisema katuni yenyewe ilishavunja hiyo kanuni, amewahi kuona filamu yenye mizuka ya kweli. Alikuwa sahihi. Mwaka 1985 kulikuwa na mfululizo wa katuni ambamo Shaggy na Scooby wanawasaka mizuka 13 ya kweli, na filamu ya 1998 ya kisiwa cha mazombi iliwakutanisha na viumbe wasiovulika. Kwa hiyo hoja yangu haikuweza kuwa "mzuka wa kweli haramu". Na akaongeza swali zuri: mbona katuni ya Ghostbusters mizuka yote ni ya kweli na haikeshi watu?

Hilo nilikuwa na jibu lake. The Real Ghostbusters, iliyoanza 1986, ni hadithi ya mafundi. Mzuka pale ni kama bomba lililopasuka: wanaitwa, wanafika na mitambo yao mgongoni, wanautia kwenye mtego, wanadai malipo. Hakuna siri ya nani. Ndiyo maana vibonzo vyake vilivyotoka Marekani kwa NOW Comics na vile vya kila wiki vya Marvel ya Uingereza, vyote vikianza 1988, viliweza kutofautiana sana bila kumvunjia msomaji ahadi. Vya Uingereza vilikuwa na hadithi fupi fupi, pamoja na kurasa za maandishi kama mwongozo wa mizuka ulioandikwa kana kwamba ni wa Egon, mmoja wa mafundi hao. Ukibadilisha urefu, ucheshi na mkono wa mchoraji, bado fundi anafanya kazi yake. Scooby-Doo haina uhuru huo. Ukigusa kinyago umegusa kila kitu.

Basi tukaamua. Scooby Apocalypse kikapanda rafu ya juu, kwa darasa la saba na kuendelea, na ndani ya jalada nikabandika karatasi: "Humu mazimwi hayavuliwi. Kina picha za kutisha." Mama alikuja kuisoma mwenyewe akaridhika. Nami nikaanza desturi ya kusoma kila kitabu mpaka mwisho kabla hakijaingia kabatini, jambo ambalo limepunguza mwendo wetu wa kupokea vitabu na sijutii.

Nilidhani kisa kimekwisha. Wiki ya tano, baada ya kikao, kijana yule alibaki nyuma akikunja mikeka ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Aliniomba akione tena kitabu, hapo hapo mbele yangu, ukurasa mmoja tu. Mama yake alikuwa ameshafika kumchukua, amesimama na ndoo ya samaki. Nikamtazama, akaitikia kwa kichwa.

Hakwenda kwenye majitu. Alifunua kurasa za mwanzoni, pale Velma anapowaeleza Daphne na Fred habari za mpango ule wa siri, na kwamba yeye ni mmoja wa waliokuwa ndani yake. Akaweka kidole juu ya uso wa Velma, mdogo, miwani mikubwa, mabega yameinama.

"Mwalimu, kwa hiyo aliyetakiwa kuvuliwa ni huyu?"

Nilikaa chini. Kurasa zile nilizisoma mara mbili na sikuliona. Kinyago kipo. Hakikuvaliwa na zimwi, kilivaliwa na mwema, na kilivuliwa mwanzoni badala ya mwisho, kwa maneno badala ya mkono. Woga wa kitabu kile una mwenyewe: ni watu wenye makoti meupe waliodhani wanajua dunia inahitaji nini. Na waandishi wakamweka mmoja wao ndani ya gari moja na wenzake, kurasa zote zinazofuata, huku Daphne akimtazama kwa jicho la shaka. Katika katuni tapeli hupelekwa polisi na gari linaondoka. Hapa gari linaondoka naye akiwa amekaa ndani.

Kwa hiyo narekebisha nilichowaambia watoto. Nguzo haikuachwa, ilihamishwa, ikawekwa mahali ambapo mtoto wa miaka 11 anaweza kuipita bila kuiona, na hata mwalimu wake. Kitabu kitabaki rafu ya juu kwa sababu ya picha zake. Ile karatasi niliyoibandika nimeitoa ile sentensi ya kwanza.

Mama aliweka ndoo chini, akainama kwenye kitabu akifuta mkono kwa pembe ya kanga asije akaharibu karatasi.

"Yupi, huyu wa miwani?"

"Huyu," mwanawe alisema. "Ngoja nikuonyeshe alichofanya."